Gari Lililochaguliwa

Kutoka kwetu Newala hadi mkoa wa Singida nilibadili vumbi mara nyingi kuliko nilivyobadili nguo. Niliondoka na vumbi jekundu la nyumbani, nikalifunika kwa mchanga wa Rufiji tulikoshinda tukisukuma basi, nikaongezea masizi ya treni kuanzia Dar es Salaam. Niliposhuka Itigi, shingo imekakamaa kwa kulalia begi, upepo wa stesheni ukanimalizia kwa unga mweupe unaotoka kwenye vile vichaka vinavyouzunguka mji. Mama mmoja aliyekuwa akiuza asali kwenye debe alinitazama juu hadi chini, akamwambia mwenzake bila kujali kama nasikia:

"Na huyu kachimbwa wapi?"

Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, nikapangiwa kazi ya karani wa stoo katika kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Ikungi. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakitolewa kwenye matembe yao yaliyotawanyika ili wakae pamoja kandokando ya barabara, na kila kijiji kipya kilihitaji mtu wa kupokea saruji, mbegu na majembe. Sikuomba kwenda huko. Nilichaguliwa. Neno hilo lilikuwa tamu sana wakati ule. Nilipokuwa darasa la mwisho shule ya msingi, mwalimu mkuu alisoma jina langu mbele ya wazazi akasema nimechaguliwa, mama akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Baada ya hapo nilifunga sanduku nikaenda sekondari, na kusema kweli sikurudi tena nyumbani ila kama mgeni. Nimeishi mahali pengi tangu hapo, na kila ninapohama nalikumbuka neno hilo.

Itigi nilipanda lori la chumvi. Mpira wa mlango ulikuwa umekatika na kuning'inia kama utumbo, kioo kilicheza ndani ya fremu yake, na vumbi liliingia kwa kila tundu. Dereva alikuwa ameziba kwa matambara, nayo yakidondoka alinielekeza kwa kidevu niyarudishe. Tulipofika njia panda ya Mkiwa sikuweza hata kuaga. Kinywa kilikuwa kimejaa udongo.

Hapo ndipo nilipoliona lile gari. Lilikuwa Landrova ya zahanati ya kijiji nilichokuwa nakiendea, limeegeshwa chini ya mgunga likinisubiri mimi na maboksi ya dawa. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imechoka kama ya gari lolote la porini. Lakini kila kilichokuwa cha mpira au plastiki kwa nje, kuanzia mpira unaozunguka kioo cha mbele, mipira ya milango, vile vipande vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu kuzuia matope, hadi shoo ya mbele inayofunika rejeta, kilikuwa cheusi tii, kama kimetoka kiwandani asubuhi ile. Katika nchi ile ya vumbi kilionekana kitu cha ajabu, kama mtu aliyevaa viatu vipya shambani. Dereva, mtu mzima aliyepita miaka hamsini, alisimama kando na kitambaa begani.

"Shikamoo mzee," nilisema, nikaegemea mlango kwa uchovu.

"Marahaba. Toa kiwiko."

Sikuelewa.

"Kiwiko, kijana. Umeegemea mpira wa kioo. Una jasho, na jasho lina chumvi."

Nilikitoa kiwiko. Akapafuta pale nilipogusa, taratibu, kisha ndipo akaniuliza nyumbani ni wapi, safari ilikuwaje na kama wazazi wapo.

Nyumba niliyopewa ilipakana na yake, kwa hiyo kila asubuhi nilimwona akilihudumia gari kabla jua halijapata nguvu. Alianza kwa maji matupu na kitambaa kilicholowa, akiondoa vumbi kwenye kila mfereji wa mpira kwa ncha ya kijiti kilichozungushiwa pamba. Sabuni ya unga hakuitaka kabisa, alisema inaukausha mpira. Mpira ukishakauka ndipo alipochukua mafuta ya nyonyo, matone machache tu kwenye kitambaa kingine, akapaka, akaacha yanywewe, halafu akafuta tena na tena hadi kitambaa kitoke safi. Mpira ulioanza kuwa mweupe kwa jua aliukorogea masizi ya chungu kwenye hayo mafuta. Mipira ya ndani ya milango hakuipaka mafuta. Aliinyunyizia unga wa vipande vya chaki alivyoomba shuleni, isigande kwenye bodi wakati wa joto. Shoo ya mbele, ambayo ilikuwa ya plastiki, aliisugua kwa nta kidogo ya nyuki. Gari lisipokuwa na safari aliliegesha upande wa kivuli, na kivuli kikihama, naye alilihamisha.

"Mpira unakunywa," aliniambia siku za mwanzo. "Mpe anywe. Lakini asilewe."

Madereva wengine waliopita pale, wa malori na wa matrekta, walifuta mipira yao kwa dizeli au oili chafu. Iling'aa siku hiyo hata ukajiona sura. Baada ya muda ilivimba, ikawa laini kama ugali uliopoa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na kioo kikaanza kucheza. Yeye alipita kando ya magari hayo, akabonyeza kwa dole gumba, akatikisa kichwa.

"Umelewa."

Mara ya kwanza nilisikia "umeolewa," nikamuuliza na nani. Alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo, akiona mpira uliovimba, alinikonyeza akasema, "Mwingine huyu, na mahari kashalipiwa."

Ucheshi wake uliishia kwenye gari. Nyumbani kwake kulikuwa na ukimya niliochelewa kuuelewa. Mkewe alikuwa mdogo kwake sana, Mnyiramba wa upande wa Iguguno, na ndiye aliyekamua yale mafuta: alichuma nyonyo, akazianika, akazikaanga, akazitwanga na kuzichemsha siku nzima hadi mafuta yapande juu. Kijijini walimwita "mke wa dereva." Wanawake wa umri wake wote waliitwa mama fulani, yeye hakuwa na jina la mtoto la kuitwa. Mimi kwa adabu ya kwetu nilimwamkia, "Shikamoo mama," na mara ya kwanza aligeuka kutazama nani yuko nyuma yake.

Mara mbili alikuwa amezaa, na mara zote mbili mtoto hakulia. Dereva mwenyewe alinieleza, akiwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, bila kunitazama. Uzazi wa mkewe ni wa kupasuliwa. Hospitalini Itigi walimwambia hivyo baada ya yule wa pili: akibeba tena, uchungu ukianza tu aletwe, asisubiri mkunga wala nani. Sasa alikuwa amebeba tena.

"Ndiyo maana unaniona hapa," alisema, akigonga kile kipande cha mpira nyuma ya gurudumu. "Wanasema nimelioa gari. Waache waseme. Mpira wa kioo ukifa, maji yanaingia, waya zinaoza, gari halitaki kuwaka. Siku hiyo mimi sitaki gari lifikirie. Nataka liwake."

Hakukuwa na gari lingine kijijini, wala katika vijiji jirani. Lile liliwabeba wagonjwa wote, waliovunjika na walioumwa na nyoka, na akina mama. Lakini nilipoliangalia tangu siku ile, niliona safari moja tu.

Ilikuwa baada ya mavuno ya uwele, jua kali, wakati katibu tarafa alipokuja na kuitisha mkutano. Alizungumza juu ya vyoo, juu ya shamba la pamoja, na mwishoni, akiwa ameshainuka, akaongeza kwamba wakaguzi wa magari wanatoka mkoani na watafika kila penye gari la umma.

"Magari yanayofaa yatachaguliwa," alisema.

Nilikuwa nimekaa karibu na mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye moyo mkunjufu, na nilimwona akitabasamu. Hakuna aliyeuliza yatachaguliwa kwenda wapi. Kwa watu wale, na kwangu pia, kuchaguliwa kulikuwa kushinda. Yanayofaa yatachaguliwa, basi yasiyofaa yatanyang'anywa. Hivyo ndivyo tulivyoelewa wote, na jioni yake kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba gari letu lisipopendeza litachukuliwa. Dereva aliniita nimshikie kopo la masizi.

"Mwezi wake unakaribia," alisema. "Wakilichukua sasa, nitambeba mgongoni?"

"Hawatalichukua, mzee. Hakuna gari lenye mipira kama hii mkoa mzima."

Nilimwambia hivyo kwa moyo wote.

Siku chache kabla ya wakaguzi kufika, dereva alipata habari za msiba wa shemeji yake huko Iguguno. Mkewe hakuweza kusafiri katika hali ile, ikabidi aende yeye. Aliliacha gari kivulini na kumwomba mwenyekiti aliangalie watoto wasilichezee. Mwenyekiti akaichukua kazi hiyo kwa uzito zaidi ya alivyoombwa. Kwao kitu kinachokwenda kuonwa na wakubwa hakiendi kikavu. Bibi harusi hupakwa mafuta, mgeni hupakwa, hata fahali wa mahari hupakwa kwato. Basi alichinja kondoo wake mwenyewe mwenye mkia mnene, akayeyusha mafuta, akawaita wanawake wawili wakayapaka kwenye kila kilichokuwa cheusi. Walipaka kwa ukarimu. Nilitoka stoo nikaona mpira wa kioo unadondoka matone.

"Mwenyekiti, mzee huwa anapaka kidogo tu," nilisema, "na tena ya nyonyo."

"Nyonyo ni ya maskini, kijana wa korosho. Hii ni kondoo."

Kulipopambazuka nilisikia wanawake wakipiga kelele. Fisi walikuwa wamekuja. Vile vipande vya nyuma ya magurudumu havikuwepo, viling'olewa na kuliwa hadi kwenye skrubu. Mpira wa mlango wa kushoto ulikuwa umevutwa nje mrefu kama kamba ya ng'ombe na kutafunwa katikati. Mpira wa bampa ulibaki na alama za meno. Kwenye shoo ya mbele mafuta yalikuwa yamelambwa hadi plastiki ikawa na mikwaruzo myeupe.

Mgeni wa nchi ile asingefahamu kilichofuata. Hakuna aliyetaja kondoo. Watu walisimama mbali na gari, na swali lililokuwa kwenye midomo yao lilikuwa moja.

"Fisi wa nani?"

Huko fisi hatembei bure. Wapo wanaoamini kwamba ana mwenyewe, mtu anayemtuma na kumpanda. Na kijiji kile kilikuwa kipya, watu waliotoka huku na huko wakawekwa mstari mmoja, kila mtu akilala karibu na jirani asiyemjua ukoo wake. Niliona macho yao yakizunguka na kutua, moja baada ya jingine, kwenye mlango wa dereva. Mkewe alikuwa amesimama pale, ameshika tumbo. Mtu wa kuja, tena watoto wawili hawakulia. Mwanamke mmoja alitema mate chini.

"Gari la mume wake, na mume hayupo," alisema mwingine. "Nani mwingine wa kumchukia mume kwa kulioa gari?"

Sikuwa na umri wa kusema mbele ya watu wazima, lakini nilisema kwamba gari linanuka kondoo. Mwenyekiti alinikata jicho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amechinja kondoo wake mwenyewe, na aibu ilimjia haraka mno. Hakumtetea yule mama, ila aliwaambia watu watawanyike.

Dereva alirudi mchana, amepanda lori hadi Mkiwa na kutembea kipande kilichobaki. Alilizunguka gari. Alipofika kwenye mpira wa kioo aliupitisha kidole, akakinusa, akamgeukia mwenyekiti.

"Fisi wa mkia wa kondoo," alisema.

Watu wakacheka, kwanza wachache, kisha wote, na kwa kicheko hicho macho yakaondoka mlangoni kwake. Lakini mkewe hakucheka, na tangu siku hiyo hakwenda tena kisimani pamoja na wenzake. Alisubiri warudi ndipo aende.

Nikiwa mtu mzima sasa nimefikiri mara nyingi juu ya siku zile zilizofuata. Kama tungekaa tu. Kama tungeliacha gari lile lilivyo, na alama zake za meno, wakaguzi wangelitazama na kwenda zao. Fisi walikuwa wametufanyia jambo jema kuliko yeyote kati yetu. Badala yake tulifanya kazi kama vichaa. Fundi wa kushona viatu vya katambuga alitukatia vipande vipya kutoka kwenye tairi kuukuu, akavilainisha kwa kisu hadi vikawa sawa na vya asili. Mpira wa mlango dereva aliuunganisha kwa solusheni ya kuzibia tyubu, akaubana kwa nyuzi hadi ukauke, akafuta kiungo kwa masizi kisionekane. Alama za meno alizijaza nta na kuzisugua. Aliosha mafuta ya kondoo kwa maji ya moto na jivu, akapaka nyonyo upya, kidogo kidogo, siku hadi siku. Mkewe alikamua mafuta mapya ingawa kuinama kulimshinda. Alitwanga amekaa, kinu katikati ya miguu.

"Mama, pumzika," nilimwambia.

"Nikipumzika gari litatembea kwa nini, kwa mate yako?"

Ulikuwa mzaha wa kwanza kuusikia kutoka kwake, na mumewe akainua kichwa kutoka chini ya bampa akamtazama mkewe kama kijana.

Mkaguzi, mtu mpole aliyevaa suti ya mikono mifupi, alifika na dereva wake. Alipeana mikono na kila mtu. Kwanza alitazama injini, akaliwasha gari, likawaka mara moja. Halafu akalizunguka, akainama kwenye mpira wa bampa. Alipitisha kiganja.

"Gari hili lina umri gani?"

Dereva wetu akamwambia.

"Haiwezekani. Mpira huu ni mpya."

"Si mpya, bwana. Unatunzwa."

Mkaguzi aliinuka akamshika dereva bega. "Hongera sana, mzee. Nimezunguka tarafa zote, kote ni takataka. Magari yamefungwa kwa kamba. Hili ndilo la kwanza ninaloweza kusema linafaa. Limechaguliwa."

Mwenyekiti akapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi pia nilipiga makofi, nakumbuka viganja vilivyoniwasha. Dereva alifunga macho kidogo, akashusha pumzi ndefu. Ndipo mkaguzi akasema kwamba magari yaliyochaguliwa yanakwenda mkoani kubeba wakubwa na wageni, na kwamba wataondoka nalo jioni ile ile.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, kwa kuwa waliokuwa nyuma walichelewa kuelewa.

"Na wagonjwa?" aliuliza dereva.

"Mtaletewa jingine."

"Lini?"

"Likipatikana. Wewe usihofu, mzee. Gari kama hili haliendi bila mtu wake. Utakuja nalo, utakaa mjini, mshahara utapanda."

"Mke wangu mwezi wake umefika, bwana. Anatakiwa Itigi. Niachie gari hadi ajifungue, nitalileta mwenyewe. Nitalileta likiwa hivi hivi."

Mkaguzi alitazama saa. Sidhani kama alikuwa na roho mbaya, alikuwa na orodha ya magari tu na siku zimemwishia. Alisema amri si yake. Alisema mama atapata usafiri, wanawake wanazaa kila siku. Alisema asipokwenda na gari itahesabika ameacha kazi.

Dereva aliingia ndani ya gari, tukadhani amekubali. Alitoa kitambaa chake na kopo la nyonyo chini ya kiti. Akashuka, akampa mkaguzi ufunguo.

"Shika. Usilipake dizeli."

Lilipoondoka, vumbi lilituficha sote. Dereva hakulitazama. Alikuwa ameshaanza kwenda kwa jirani kuuliza habari za mkokoteni wa ng'ombe.

Mpango ulikuwa waondoke kesho yake alfajiri wakakae Itigi wasubiri. Ng'ombe walikuwa malishoni mbali, wakachelewa kuletwa, na kesho ikawa keshokutwa. Asubuhi ile tulipomlaza mkewe kwenye mkokoteni juu ya majani na shuka, uchungu ulikuwa umeshaanza. Nilikwenda nao, nikitembea ubavuni na kumshikia mwavuli. Barabara ambayo Landrova iliimeza huku tukipiga soga, ng'ombe waliitafuna siku nzima. Kila gurudumu lilipogonga jiwe alinishika mkono, lakini hakulia. Alisema tu, "Bado?" na mumewe, aliyekuwa mbele akiongoza ng'ombe, alijibu, "Karibu," hata pale ambapo sote tuliona si karibu.

Mkiwa tulisubiri lori. Lililosimama lilikuwa na magunia hadi juu, dereva wake akawashusha abiria wa mbele bila kuombwa mara mbili, Mungu ambariki. Mimi nilibaki na mkokoteni.

Mama alipona. Walimpasua, akapona. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Nilikaa kijijini hadi mvua zikaja na kupita. Gari jingine halikuletwa. Dereva na mkewe walirudi, mume akalima alizeti na mtama kama watu wengine, na sikumwona tena na kitambaa begani. Kopo la nyonyo lilikaa dirishani kwake hadi likaingia vumbi. Siku moja tukiwa tunapukuchua alizeti aliniambia neno moja.

"Ningeliacha lichakae, ningekuwa na mtoto."

Nadhani ndilo lililonifanya niombe uhamisho, ingawa kwenye barua niliandika mengine. Nilishindwa kuishi ukuta kwa ukuta na neno lile. Mkewe aliponipa mkono wa kwaheri nilisema kama kawaida, "Shikamoo mama," na mara hii hakugeuka kutazama nyuma. Alijibu "marahaba" akaingia ndani.

Dereva alinisindikiza Mkiwa kwa mkokoteni ule ule. Tulikaa chini ya ule mgunga, sanduku langu katikati yetu, na tulikuwa bado tunasubiri lori la kwenda Itigi wakati Landrova ya kijivu iliposimama upande wa pili wa barabara. Tuliijua wote wawili kabla haijazimwa. Kijana aliyekuwa akiiendesha alishuka kununua asali, na kwenye kiti cha nyuma mtu mnene alikuwa amelala, kofia usoni.

Dereva wangu aliinuka akavuka barabara. Nilimfuata. Mipira iling'aa kupita kiasi, mng'ao wa majimaji, na mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umetoka nje ya mfereji wake kama mdomo uliovimba. Shoo ilikuwa imepasuka pembeni na kupauka. Vile vipande vya katambuga tulivyovifunga kwa mikono yetu vilikuwa bado vinaning'inia. Alibonyeza mpira wa kioo. Shimo la dole gumba lilibaki pale, halikurudi.

Kijana alikuja mbio, kisha akaona ni mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Naangalia tu. Unapaka nini?"

"Dizeli. Bosi anataka ling'ae." Akacheka kwa haya. "Lakini maji yanaingia siku hizi. Wanasema lilipokuja lilikuwa jipya kabisa. Sijui huko lilikotoka walikuwa wanapaka nini."

Nilisubiri amwambie. Yule mzee aliyeniamuru nitoe kiwiko siku ya kwanza, aliyelihamisha gari kadiri kivuli kilivyohama, nilidhani atashindwa kujizuia.

"Likichakaa kabisa wanalipeleka wapi?" aliuliza.

"Ah, haya yakichoka wanayarudisha vijijini."

Mtu wa nyuma alikohoa usingizini.

"Basi endelea na dizeli, mwanangu," alisema. "Paka nyingi."

Lori langu lilikuwa limefika na kupiga honi. Nilimshika mkono, nikarusha sanduku, nikapanda juu ya magunia. Nilipogeuka alikuwa bado upande ule wa barabara akizungumza na yule kijana, na kiwiko chake, chenye jasho la njia nzima, alikuwa amekiegemeza kwenye mpira wa kioo.